Nilimvisha Mpiga Pasi Kipimo cha Moyo Wangu

Kwa waliochelewa: mimi ni fundi wa magauni ya harusi, na wiki iliyopita mliniacha nimelala chali katika duka langu mwenyewe, pini zimejaa mdomoni, bibi harusi anapiga kelele, shangazi yake ananimwagia jagi zima la maji. Nusu ya maji ilinipata mimi. Nusu nyingine ililipata gauni.

Pini sikumeza hata moja. Hilo nataka lijulikane, maana mtaani wameshaanza kutia chumvi.

Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa mapajani kwa mke wangu. Yeye hukaa chumba cha nyuma akitunga shanga kwenye magauni, na zile kelele ndizo zilizomtoa huko.

"Umepatwa na nini, baba watoto?"

"Njaa tu."

"Njaa! Asubuhi umekula mayai na mkate mzima."

"Ndiyo huo. Umeisha."

Alinitazama kwa lile jicho lake la kukagua mshono. Mimi nikajitia kucheka, nikamkung'uta bibi harusi maji, kazi ikaendelea.

Kumbe kweli yenyewe niliimeza. Kabla sijaanguka, moyo wangu ulikuwa umepotea hesabu. Ulipiga mara mbili, ukatulia, kisha ukaanza kwenda ovyo, kama cherehani iliyokatika uzi huku mguu bado unakanyaga. Na haikuwa mara ya kwanza. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa sana.

Basi asubuhi iliyofuata nikaaga kwamba nakwenda kununua zipu. Nikaenda zahanati.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mkubwa kwa maswali. Akanipima presha, akaguna. Akanitoboa kidole kupima sukari, akaguna tena, akanivuta na damu kwenye kichupa. Akaniuliza nakunywa chai na vijiko vingapi vya sukari, nikamwambia viwili, akaniangalia, nikamwambia vinne.

"Sasa simama nikupime kiuno."

Hapo nikacheka kwa sauti. "Daktari, usijisumbue. Viuno ndiyo kazi yangu. Mimi ni inchi arobaini na moja, nimejipima mwenyewe mwezi huu."

Alizungusha futi yake ya kupimia, akaisoma. "Arobaini na nne."

"Haiwezekani."

"Njoo usome mwenyewe."

Nikasoma. Nikavuta pumzi ndani, nikasoma tena. Akaniambia nitoe pumzi, hatupigi picha hapa. Mimi nami nikachomoa futi yangu shingoni, ninayoivaa hata siku za mapumziko, nikaizungusha palepale. Arobaini na moja.

"Unaona?" nikasema.

Yule binti hakubishana. Alizitandaza futi zote mbili mezani, mwanzo kwa mwanzo. Ya kwake ilipoishia kwenye inchi sitini, ya kwangu ilikuwa bado inaendelea na safari.

"Fundi, hii umeanza kuitumia lini?"

"Aliniachia mwalimu wangu alipostaafu."

"Imevutika."

Nilipigwa na butwaa. Miaka yote hiyo nimepima wateja kwa futi ile, nimepima vitambaa kwa futi ileile, na magauni yakawakaa vizuri tu. Uongo ulikuwa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, utaugundulia wapi? Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akidanganyika, naye ndiye mimi nikijipima mbele ya kioo.

Daktari akavuta kiti.

"Sikiliza, fundi. Presha yako iko juu. Sukari imepanda. Kiuno umejionea. Damu nimeituma maabara wakaangalie mafuta, yale mabaya kama yamezidi, na yale mazuri kama yamepungua. Hayo ni mambo matano. Matatu yakikutana kwa mtu mmoja, sisi tunaita sindromu ya kimetaboli. Wewe ukipenda liite genge."

"Genge linafanya nini?"

"Kila mmoja peke yake ni mkorofi. Wakiungana, wanaufuata moyo. Ile presha na yale mafuta yanavichosha vyumba vya juu vya moyo, vinatanuka, vinapata makovu madogomadogo. Umeme unaoendesha mapigo ukipita hapo unapotea njia. Badala ya chumba kupiga, kinapapatika tu."

"Kikipapatika?"

"Damu inazubaa humo ndani. Ikizubaa inaweza kuganda. Donge likipanda kichwani, ndiyo kiharusi, unapooza upande. Unashonea mkono gani?"

Niliuficha mkono wa kulia nyuma ya kiti, eti asiuone.

"Sijasema unao ugonjwa huo," akasema, sauti yake sasa imepoa. "Nasema tu kwamba mwenye genge yuko kwenye hatari kubwa kuliko asiye nalo, na kila mwanachama anayeongezeka anaongeza hatari. Na genge linavunjika. Ukipunguza tumbo, ukatembea, ukaacha hivyo vijiko vinne, presha ikadhibitiwa, moyo unapumua."

Akanilaza, akanibandika nyaya, mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Mistari inapanda na kushuka vizuri, sawa kwa sawa.

Nikaruka kitandani. "Mzima!"

"Mzima kwa dakika hii. Papatiko hili huja na kuondoka. Linaweza kukuangusha jana na leo likakaa kimya kama si lenyewe." Akatoa kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye nyaya na vibandiko vya kifuani. "Utavaa hiki kuanzia leo hadi kesho muda kama huu. Fanya kazi zako kama kawaida. Kitanasa kila pigo."

"Na kikinasa hilo papatiko?"

"Kwa presha na sukari hizi, sitasubiri. Nitakuanzishia dawa ya kuzuia damu isigande."

"Yaani nikijichoma sindano..."

"Damu itachukua muda zaidi kukata. Kama kuna linalokutia wasiwasi, niulize."

Sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Msomaji, wewe si fundi wa magauni meupe, kwa hiyo nikueleze. Sisi tunajichoma kila siku. Tone likidondoka kwenye satini nyeupe, una muda mfupi mno. Unakata kipande cha uzi mweupe, unakitafuna kiloane mate yako mwenyewe, unalisugua lile tone, linatoka. Mafundi wote wanaijua dawa hiyo. Lakini tone liwe dogo, na damu iwe imekata. Mimi nikajiona nimekaa mbele ya gauni la watu, damu ya kidole haikatiki, nimetafuna uzi wa duka zima mpaka taya zinauma, na bibi harusi yuko mlangoni.

Nikaona bora moyo upapatike kimyakimya.

Nilirudi dukani na kile kidude mfukoni. Mlangoni, penye meza ya pasi, yupo mwenzangu tuliyeanza naye kazi, Mpiga Pasi. Huyo ni mwembamba, akigeuka upande inabidi umtafute. Ngazi anapanda kwa kukimbia. Chai anakunywa bila sukari, jambo ambalo siku zote nililiona ni kasoro ya tabia.

Nikamvuta pembeni.

"Kaka, nisaidie. Vaa hiki kifuani mpaka kesho."

"Ni nini?"

"Kinapima moyo."

"Moyo wa nani?"

"Wangu."

Alinitazama, akakitazama kidude, akanitazama tena. "Moyo wako uko kwako, fundi. Kwangu kitapima nini?"

Nikamweleza yote, dawa, damu, satini. Nikamwapisha asimwambie mke wangu. Akakuna kidevu kwa ncha ya kidole, kama anavyofanya akitaka kujua pasi imepata moto wa kutosha.

"Sawa. Kwa sharti moja. Mwezi mzima usiimbe humu dukani."

Nikakubali, ingawa iliniuma. Nilimbandika mwenyewe, nikafuata mchoro wa daktari, nikamfunga vifungo vya shati na kumpigapiga begani. Kisha nikaenda kwenye cherehani yangu na roho yangu kwatu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Ulimi uliwasha. Mchana mke wangu akatokea mlango wa nyuma.

"Leo huimbi?"

"Koo."

"Koo tu?"

"Koo tu, mama."

Akasimama kidogo, mkono ameuweka kwenye fremu ya mlango. Nikadhani ana la kusema. Halafu akarudi kwenye shanga zake.

Kesho yake Mpiga Pasi akanikabidhi kidude, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Nikakifikisha zahanati, nikarudi kazini nimetulia. Nilishajiandalia hata maneno ya kumwambia daktari, ya unyenyekevu, yasiyomdhihaki sana.

Mchana simu ikalia. "Fundi, njoo sasa hivi. Usingoje jioni."

Nilimkuta amezitandaza karatasi meza nzima. Safari hii hakuguna.

"Tazama. Hapa mapigo yako sawa. Hapa yameanza kukimbia bila mpango. Hapa yametulia. Na huku alasiri, fundi, umepapatika karibu saa nzima mfululizo. Hukusikia chochote?"

"Alasiri?"

"Alasiri. Ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa nimekaa nashona mkono wa gauni, mzima, nimekunywa soda. Lakini hilo ningelisemaje? Mimi nilimuona Mpiga Pasi akilini, yule mwembamba wa watu, anasukuma pasi huku moyo wake unakwenda ovyo na mimi ndiye niliyemcheka siku zote kwa wembamba wake.

"Daktari," nikasema, "mtu mwembamba anaweza kupata hili?"

"Anaweza. Genge linaongeza hatari, lakini halimiliki ugonjwa peke yake. Wapo wembamba wenye presha wasiyoijua, wapo wenye shida nyingine. Ila wengi ninaowaona hapa wana umbo kama lako. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Alinisukumia pakiti ya dawa. Akasema majibu ya mafuta pia yamerudi, mabaya yamezidi, mazuri ni haba, kwa hiyo kwangu genge limetimia wote watano. Akasema damu yangu imeshapimwa na dawa hii inanifaa, nianze leo, na mwingine yeyote asiiguse bila kupimwa kwanza.

"Kila siku bila dawa ni siku ya kubahatisha," akamaliza. "Usinifanyie mchezo."

Mdomo nilikuwa nao, ningeweza kusema palepale. Nilishika pakiti, nikashukuru, nikatoka. Njiani nikanunua futi mpya, sijui kwa nini, labda nilitaka kitu kimoja siku ile kiseme kweli.

Nilimkuta Mpiga Pasi anapiga pasi pindo la gauni. Sikumsalimu. Nilimzungushia futi mpya kiunoni.

"Unanishonea suti?"

"Nyamaza." Inchi ishirini na tisa. Nikapima tena. Ishirini na tisa.

"Presha umewahi kupima?"

"Mwezi uliopita, walipokuja wale wa kupima bure kwenye jengo. Wakasema wangetamani wangekuwa na yangu. Kuna nini?"

Nilikaa kwenye kapu la vitambaa vya kunyooshwa, jambo ambalo siku nyingine angenifukuza kwa fimbo. Nikamwambia. Nikamwambia mistari, papatiko, donge, kiharusi. Nikamwambia kwamba majibu yale yenye jina langu ni ya kifua chake, twende sasa hivi kwa daktari nikakiri, anitukane anavyotaka, mradi yeye apone.

"Nisamehe, kaka," nikasema. "Nimekuficha ugonjwa wako mwenyewe."

Mpiga Pasi aliisimamisha pasi wima. Akaizima kwenye swichi ya ukutani. Kwa muda wote niliomjua sikuwahi kumuona anazima pasi katikati ya pindo.

"Fundi, mimi sikukivaa."

"Nilikuvisha kwa mikono yangu."

"Ulinivisha. Mvuke ukaja, jasho likaja, vibandiko vikaanza kuanguka kimoja kimoja hata saa haijapita. Kimoja kilinasa kwenye gauni, nusura nikipige pasi. Nikasema nikikurudishia hivi utalia. Nikatafuta mtu anayekaa mahali penye kivuli, hatoki jasho."

"Mtu gani?"

Aligeuza tu macho kwenye mlango wa nyuma.

Nikangoja acheke. Mpiga Pasi ana utani mbaya, ameshawahi kunificha viatu nikamhudumia mteja kwa soksi. Nikangoja ule mdomo wake upinde. Haukupinda.

"Ulimpa mke wangu?"

"Nilimpa shemeji."

"Na kiapo?"

"Niliapa nisimwambie unaumwa. Lakini alishajua, fundi. Nilipoingia na zile nyaya alisema, 'Hicho ni cha mume wangu, na alianguka si kwa njaa.' Nikadhani atatoka na kiatu anitafute, akutafute na wewe. Hakutoka. Akanyoosha mkono akasema, lete."

"Lete tu?"

"Akafunga mlango. Alipofungua alikuwa ameshajibandika, amefunga nguo mpaka shingoni. Ndipo akaniambia." Mpiga Pasi alishusha sauti. "Ni miezi sasa anaumwa, kaka. Moyo unamruka akiwa amekaa. Akipanda ngazi anasimama katikati kama anayetafuta funguo. Nikamwambia kwa nini haendi kupimwa. Akasema atapewa dawa ya damu, na yeye ndiye mwenye sindano nyembamba, anajichoma kuliko sote."

"Kwa hiyo alikuwa anaogopa..."

"Magauni. Kama wewe."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Aibu ilikuwepo, tena nyingi. Hasira ilikuwepo kidogo, ya kutafuta mtu wa kumlaumu, ikamkosa mtu. Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa mapenzi, nasema bila kuona haya, mapenzi ya kuuma. Wanandoa wawili, ukuta mmoja katikati yetu, kila mmoja akiulinda moyo wake asiusikie mwenzake kwa ajili ya nguo za watu wengine.

Tena nilikuwa na dalili zote mkononi. Hata jana usiku alilala amejifunga nguo mpaka shingoni, eti baridi, nami nikamwamini. Nguo za mke wangu nazishona mimi. Mwaka huu nimeachia mishono yake ya ubavuni, nikaachia tena, na kila mara akiniuliza mbona inabana nilimwambia kitambaa kimerudi kwa maji. Yeye alicheka, mimi nikacheka, tukamiminiana chai kutoka birika moja, vijiko vinne yeye, vinne mimi. Nilijiona mume mwema. Daktari angeniambia niko wapi kwenye lile genge: mimi ndiye niliyekuwa naliandalia viti.

"Nenda," Mpiga Pasi akasema. "Mimi nitakaa mlangoni, mteja asiingie."

"Niseme nini?"

"Huo si mshono wangu."

Nilisimama. Pakiti ya dawa ilikuwa mfukoni, dawa ambayo daktari alikata kwa mwili wangu kwa kutazama moyo wa mtu mwingine, na yule mtu mwingine haruhusiwi kuigusa mpaka apimwe. Na moyo wangu mimi, ule ulioniangusha na pini mdomoni, hakuna aliyejua unasema nini. Hapo ndipo akili yangu yote iliponifikisha.

Nikafungua mlango wa nyuma.

Alikuwa amekaa dirishani, gauni jeupe limemfunika mapajani hadi sakafuni, sahani ya shanga pembeni. Hakuinua uso. Nilimuona anavuta uzi, anasimama kidogo, anavuta tena, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba pale alipokuwa akisimama hakuwa akihesabu shanga.

"Zipu ya jana ulipata?" akauliza.

"Sikwenda kununua zipu."

"Najua."

Alichomeka sindano kwenye kimto chake cha pini. Akaondoa gauni mapajani, taratibu, akalilaza kwenye meza mbali na sisi wote wawili. Kisha akasogea pembeni kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipiga kwa kiganja.

"Kaa hapa, baba watoto," akasema. "Uniambie majibu yangu."